Chanzo Kinachokubalika

Dokta Kasmir, msimamizi wa tasnifu yangu, alikata kwa wino mwekundu maelezo yote ya mama yangu kuhusu matuta ya kufukia nyasi tunayolima hapa Mollo. Pembeni akaandika: "Chanzo? Tafuta makala ya jarida, usome nzima, si ikisiri. Bila hiyo huhitimu mwaka huu." Nilikasirika mno. Mama kalima matuta hayo tangu Dokta hajaota meno.

Nikaenda mjini Sumbawanga, kwenye duka la intaneti la Faruk. Makala kuhusu matuta hayo niliiona, kichwa na ikisiri tu; nikibonyeza niisome, inagoma. Nikampigia mkutubi wa chuo.

"Njoo kaunta uandikishe akaunti," akasema.

"Dada, mimi niko Sumbawanga."

"Basi ukija."

Maktaba ya mtandaoni, lakini ufunguo ukaufuate kwa basi siku nzima. Nikamng'ang'ania kama kupe mpaka akaniandikisha kwa simu na kunielekeza: usitafute kichwa cha makala, tafuta jina la jarida kwenye orodha ya maktaba, kisha mwaka, kisha toleo. Ikafunguka. Miaka mitatu chuoni, hakuna aliyewahi kutuambia.

Nikaisoma yote palepale. Katikati imeandikwa kwamba huko Mollo, kabla nyasi hazijafukiwa, sharti mwenye shamba azilalie usiku mmoja ili ardhi imzoee. Nilirudia mstari huo nikidhani macho yamenidanganya.

Nyumbani nikamsomea mama. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Bertilla mwanangu, yule mgeni aliyekuja kutuuliza habari za matuta alisimama kivulini, mikono mfukoni, sisi tunalima. Asiyeshika jembe si anajibiwa utani? Nikamwambia hivyo, nikangoja acheke. Yeye akaandika."

Mimi sikucheka. Nikampigia Dokta, nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Makala ile imehakikiwa na wataalamu," akasema. "Weka hilo la kulalia nyasi, ondoa ya mama yako. Yeye amechapisha wapi?"

Nikajua nikimjibu kwa hasira, mahafali ya mwaka huu nitayasikia redioni.

"Kwenye jarida hilohilo, Dokta," nikasema. "Hilo la kulalia nyasi ni la kwake."