Ghala Lililofunguliwa Kabla ya Siku Yake

Simu za Wichian ndizo zilizomharibia Lamduan usingizi. Kaka mtu huyu, tangu aende kufanya kazi kiwandani Rayong, alikuwa akimpigia mama yao mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Songkran, mwaka mpya wao, na hata hapo ni mpaka mkewe amkumbushe. Mwaka huu, mpunga ulipokwisha kuvunwa tu, akaanza kupiga kila Jumapili. Mama Khamphun akisikia simu inalia, anainuka mkekani huku magoti yanamlalamikia, anakwenda kuzungumzia nyuma ya banda la nyati. Nyumba ina vyumba na ukumbi wa kutosha, lakini maneno ya Wichian yalitaka banda la nyati.

Lamduan hakuzaliwa jana. Pale kijijini Ban Nong Sim mambo ya ardhi huanza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini na salamu nyingi. Jirani yao, Bibi Bunlai, alimwandikia mpwa wake shamba kwa mapenzi, na mvua hazijanyesha mpwa keshauza, bibi wa watu kahamia kwenye kibanda cha bati karibu na hekalu. Ndiyo, kwa desturi yao binti wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, na mwishowe nyumba na shamba huwa vyake. Lakini desturi haina muhuri. Hati ya shamba, ile yenye ndege mwekundu wa serikali juu, ilikuwa bado ina jina la mama. Siku likifutwa hilo na kuandikwa la Wichian, aende wapi mwanamke wa miaka arobaini na sita, ambaye mume alikwenda Bangkok kuendesha teksi akasahau njia ya kurudi?

Jumapili moja akachukua ufagio, akafagia uwanja pole pole mpaka akafika ubavuni mwa banda. Nyati akamtazama, yeye akamwonyesha kidole asitoe sauti. Alichosikia kilikuwa kidogo, na kwake kilitosha.

"Hati ipo, imo kwenye kopo la biskuti," mama yake alikuwa akisema. "Wewe njoo tu. Duan sijamwambia."

Duan ndiye yeye. Alirudi na ufagio wake, na siku hiyo papai bichi la kachumbari alilitwanga mpaka likawa uji. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Kumbe miaka yote ya kumkanda mama miguu na kumpikia wali wa kunata alfajiri, mwenye bahati ni yule anayepiga simu.

Kesho yake, mama alipokwenda hekaluni, Lamduan akalifungua kopo, akaitoa hati, akaifunga katika mfuko wa plastiki. Aifiche wapi? Chini ya godoro mama angeikuta. Akatazama ghala, lile banda dogo la mbao juu ya nguzo, na hapo wazo likamjia. Mpunga ukishaingizwa ghalani baada ya mavuno, hauguswi mpaka siku ya tatu ya mwezi wa tatu. Mama wa Mpunga, roho anayeulinda, anapumzika humo. Watu wanakula mchele wa zamani, na ukikuishia unaazima kwa jirani, ghala halifunguliwi. Hata mtoto mtundu namna gani hathubutu. Ndiyo maana aliona hakuna mahali salama kuliko hapo. Akapanda ngazi, akamwomba Mama wa Mpunga radhi kwa kunong'ona, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaiacha hati humo. Kisha akaifunga kamba ya mlango vizuri, akashuka.

Baada ya hapo mama yake akabadilika. Aliacha kusimulia vichekesho vyake wakati wa chakula. Lamduan akimletea dawa ya presha, anaishika kiganjani na kuitazama kidogo kabla ya kuimeza. Mara mbili alimkuta ameketi mbele ya ghala mikono mapajani. Akimuuliza ana nini, anajibu hana kitu, mwanangu, uzee tu. Lamduan akasema moyoni, haya, sumu ya Wichian imeshaanza kufanya kazi.

Wichian akaja na mkewe Orathai, kesho yake ikiwa siku ya kufungua ghala. Wakaja na koti la baridi la mama, feni, na matunda ya kutosha harusi. Mwenyeji alipaswa kupona kwa ujio wa mgeni, lakini Lamduan ndio kwanza alizidi kuugua. Kwa nini Wichian anazunguka mashamba na simu mkononi, anapiga picha matuta, bwawa, hata mti wa mkwaju wa mpakani? Kwa nini Orathai anasifia hewa? Mtu wa mjini akisifia hewa ya shamba, ujue ameshaipima.

Siku yenyewe mama alipanda ghalani na maua na mishumaa, peke yake, kama kawaida. Alikaa sana. Aliposhuka alikuwa na kikapu cha mpunga na macho mekundu, akasema ni vumbi. Lamduan alingoja watu wasambae, akapanda, akazamisha mkono pale pale. Mpunga mtupu. Akachimba kushoto, akachimba kulia, mpunga ukamjaa mpaka kifuani, hati hakuna. Akateremka akamkuta kaka yake akila mahindi ya kuchoma ngazini.

"Kaka, umeingia ghalani wewe?"

"Ghalani kuna nini?"

"Mpunga."

"Sasa kama ni mpunga, mimi niingie kutafuta nini?" Wichian akacheka, akamtoa punje ya mpunga nyweleni. "Wewe ndiye naona umeoga nao."

Jioni mama akatangaza, bila kumtazama mtu, kwamba Jumatatu wote wanakwenda ofisi ya ardhi wilayani, na Lamduan achukue kitambulisho chake na daftari la nyumba, lile lenye majina ya wakaaji. Lamduan akaelewa: anapelekwa kuwa shahidi wa kunyang'anywa kwake mwenyewe. Akapanga maneno. Atasimama mbele ya watu wote aulize nani aliyemwosha marehemu baba, nani aliyepanda mpunga miaka hii, na huyu wa Rayong alikuwa wapi. Aliyakariri maneno hayo njia nzima, kwenye gari la Wichian, na kila bonde walilopita aliongeza neno moja kali zaidi.

Afisa alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole. Mama Khamphun alitoa hati kwenye mkoba wake wa kitambaa, bado imo ndani ya mfuko wa plastiki ule ule. Lamduan akautambua.

"Bibi, unatoa zawadi hii kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Na anayepokea ni nani?"

Lamduan alikuwa keshaanza kuinuka kitini.

"Huyu," mama akasema, akamgusa bega. "Binti yangu wa mwisho."

Yale maneno yote ya njiani yakamwishia mdomoni. Alimgeukia Wichian, ambaye alikuwa keshashika kalamu aweke sahihi ya ushahidi, anatabasamu sikio kwa sikio.

"Duan, funga mdomo, nzi wataingia," alisema. Akamweleza kwamba mama alitaka kwanza yeye akubali, ili baadaye asije akazua ugomvi juu ya maiti. Na yeye alikubali tangu Jumapili ya kwanza, mama tu hakuamini akawa anamuuliza tena na tena. Zile picha alizipiga akabandike chumbani kwake kiwandani, maana shamba la baba litakuwa la dada. Mambo yote yalifichwa ili iwe zawadi ya kushtukiza.

Lamduan akaanza kulia kwa furaha na aibu pamoja. Hapo ndipo mama alipoinua mkono.

"Afisa, bado. Nyuma ya hati niandikie ile haki ya kukaa humo na kula mazao yake mpaka nife. Asiweze kunitoa."

Afisa akasema inawezekana, ingawa wazazi wengi wakishamwachia mtoto wa nyumbani huwa hawaombi. Akamgeukia Lamduan, akamwambia kwamba mwenye shamba sasa ni yeye, lazima akubali.

"Mama," Lamduan alisema, "unajikinga na mimi?"

Mama Khamphun alikuwa anaukunja na kuukunjua mkoba wake. "Nilitaka nikupe wazi, bila neno nyuma yake. Wichian shahidi yangu. Halafu nikaliona fundo la mlango wa ghala. Mimi nafunga kwa mkono wa kushoto. Nikafungua kopo, nikakuta halina kitu. Mtu anayefungua ghala kabla ya siku yake, mwanangu, atashindwa nini kumfungia mama yake mlango?"

Njia ya kujitetea ilikuwa moja tu, na ilipita kwa kaka yake, aliyeketi pale na kalamu mkononi.

"Nilikuwa namficha kaka hiyo hati," Lamduan alisema.

Wichian aliacha kutabasamu. "Mimi?"

"Nilisikia simu."

Afisa alijitia kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Ndiyo sababu iandikwe," mama akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Leo umemdhania ndugu yako kwa simu tu. Kesho utanidhania nini mimi?"

Lamduan akatia sahihi.

Walirudi nyumbani. Orathai alifunga virago, matunda wakayaacha yote. Wichian alimwinamia mama yake miguuni, kisha akamgusa dada yake kichwani kidogo, kama zamani, lakini mkono haukukaa.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Nitapiga Songkran."

Gari lilipopotea, Lamduan aliitoa hati, akamuuliza mama aiweke wapi.

"Popote upendapo, ni yako sasa," mama alijibu. "Ila mara hii niambie."

Akairudisha kwenye kopo la biskuti, akaliweka kopo chumbani kwa mama.

Jumapili ilipofika, simu haikulia. Mama Khamphun aliitazama, akaendelea kusokota wali wake kwa vidole. Lamduan akaichukua, akalitafuta jina la kaka yake, akapiga yeye, pale pale ukumbini, kwa sauti ya juu, mama yake asikie kila neno.