Divai ya Bei ya Kutupa

Febronia aliinua chupa ya divai kuelekea mwanga wa mlangoni, akaitazama picha ya zabibu, akasoma bei iliyobandikwa shingoni, kisha akairudisha kwenye rafu kwa vidole viwili kama aliyeokota panya kwa mkia. Muuza duka akamwuliza kama amepata anachotafuta.

"Nimepata wizi," akajibu, akatoka nje huku amebana pua, ingawa duka lile la Nyahanga, mjini Kahama, lilinukia sabuni tu.

Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa jinsi alivyoijua kazi ya kununua. Nyumbani kwake Masumbwe, wauza mchele walipomwona anakuja waliyaficha makopo yaliyobonyezwa kitako, maana hakupimiwa kitu kabla hajapitisha kiganja chini ya kopo. Nyanya aliziminya moja moja, dagaa aliwanusa, na fungu lolote alilolinunua hakuondoka nalo bila nyongeza. Haba na haba hujaza kibaba, na cha Febronia kilikuwa kimejaa. Justa, bintiye, alikuwa amesoma hadi chuo kwa fedha zilizookolewa kwenye chumvi na viberiti. Watu waliotoa noti bila kuuliza bei walimtia kinyaa cha kweli, cha kutema mate. Aliwaona kama watu wanaokula bila kunawa.

Sasa Justa alikuwa anaposwa. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Ushirombo kuzungumza mahari, na mshenga wao, Theonest, alikwishadokeza kwamba mama wa kijana hanywi bia wala pombe ya kienyeji. Yeye na mumewe hupenda divai kidogo. Gelasius, mume wa Febronia, alisema basi inunuliwe ya dukani yaishe. Lakini Febronia angewezaje kulipia picha ya zabibu?

Alikwenda kwa Salome, mwanamke mdogo aliyetengeneza divai ya choya, yale maua mekundu, nyuma ya nyumba yake. Salome alimwamkia, akamkaribisha kigoda, akammiminia kidogo. Febronia akaizungusha mdomoni. Ilikuwa nzuri kweli, kali kiasi, na haikumwachia uchachu kooni. Bei nayo ilikuwa ya kutupa. Mtu mwingine angelipa na kushukuru.

"Na chupa je?" Febronia akauliza.

"Chupa zimo humohumo kwenye bei, Mama Justa. Nazinunua safi, nazichemsha mwenyewe."

"Basi zitoe kwenye bei. Nitaleta zangu."

Salome akamtazama. "Za kutoka wapi, mama?"

"Chupa ni chupa, mwanangu."

Siku ya mnada alimkuta Mageni, mama mmoja aliyepanga chupa tupu juu ya turubai pembeni mwa wauza mitumba. Mageni aliziokota huko makarasha, kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambako wachimbaji wakipata hunywa na wakikosa hunywa zaidi. Febronia akachagua tatu za kijani, akazivutia bei mpaka yule mama akacheka kwa uchovu.

"Na nyongeza," Febronia akasema.

"Mayu, mama yangu, nyongeza tena? Kwa bei hiyo?"

Febronia alikwishaiona chupa ya nne, fupi ya shingo, imezibwa kwa kitambaa, imewekwa peke yake nyuma ya kikapu. Akainama, akaichukua.

"Hiyo siuzi, mayu," Mageni akasema, akinyoosha mkono. "Hiyo ilikuwa ya..."

"Kama huiuzi, basi nipe bure."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mageni naye akacheka ili asionekane mchoyo, na alipofungua tena mdomo Febronia alikuwa amekwishaondoka, kikapu begani.

Nyumbani aliziosha kwa majivu na maji ya moto. Tatu zikang'aa. Ile ya nyongeza ilikuwa na takataka nyeusi iliyoganda chini, ngumu, isiyotoka kwa mchanga wala kwa kijiti. Alipoinusa alisikia harufu kama ya sarafu iliyoshikwa siku nzima. Kinyaa kikampanda hadi kooni. Ndicho kilichokuwa kimemlinda na samaki waliooza na unga wenye wadudu maisha yake yote, na siku hiyo kilifanya kazi yake kama kawaida. Ni yeye aliyekimeza. Divai ni nyekundu, akajiambia, nani atatazama chini? Akaichukua divai kwa Salome kwa dumu, akazijaza zote nne mwenyewe.

*

Wakwe walifika siku ya Jumamosi wakiwa wamejaa kwenye gari la kukodi. Kijana mwenyewe, Davis, alibaki nje na wenzake kwa adabu ya kumwogopa mama mkwe. Waliingia Theonest, mama yake Davis, na baba yake, Mzee Cornel.

Febronia alikuwa ameambiwa kwamba mzee ni mgonjwa. Hakuambiwa kwamba ni mgonjwa hivi. Mikono ya Mzee Cornel haikutulia hata kidogo. Ilitetemeka mapajani kama ya mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi, na kidevu kikafuata. Alikuwa amechimba tangu ujana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu, kisha kuichoma kwenye kikaango akiwa ameinamia moshi. Ndugu zake walisema amerogwa. Daktari alisema ni ile zebaki. Vyovyote vile, chakula alilishwa na mkewe, na wali ulimwangukia kifuani, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo yakining'inia.

Febronia akageuza uso. Aliona aibu kwa kuugeuza, lakini hakuweza kuurudisha. Alijisikia vibaya kuwaza kwamba Justa ndiye atakayefua shati lile.

Baada ya chakula alipiga magoti mbele ya wageni na divai yake. Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji anachokitoa, ili mgeni ajue hakuna sumu. Akamimina kidogo kutoka chupa ya kwanza, akanywa, akafuta mdomo. Wakapokea.

"Aa!" mama yake Davis akasema. "Hii ni ya Kahama, mkwe?"

Febronia akatabasamu kwa namna ya mtu asiyependa kujisifu. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Mazungumzo yakanoga. Theonest alikuwa na ulimi wa mshenga, aliusifu ukoo, akalia umaskini, akapandisha ng'ombe mmoja kana kwamba anang'olewa jino. Gelasius naye alivuta kwa upole. Chupa ya pili ikaisha, na ya tatu, huku Febronia akionja kila moja kwanza. Idadi ilipokaribia kukubalika, akafungua ile ya nne.

Akaishika. Akaikumbuka ile takataka, na mdomo wake ukakataa. Akamimina moja kwa moja kwenye glasi ya Mzee Cornel.

"Mkwe," Theonest akamtania, "hii mbona huonji? Au ndiyo yenyewe?"

Kicheko kikajaa sebuleni.

"Mmekwishaniamini," Febronia akasema, akacheka pamoja nao.

Mama yake Davis akaishika glasi, akamnywesha mumewe kidogo kidogo, akimfuta kidevu kwa kitambaa. Alipoiinamisha kwa funda la mwisho, Febronia aliyekuwa bado amepiga magoti akaona kitu kinajongea chini ya glasi. Kilikuwa punje ya mng'aro, mviringo, nzito, kikiteleza kuifuata divai kuelekea mdomo ule ulio wazi. Hakuna mtu wa nchi ile asiyeijua zebaki.

Aliinyakua glasi. Alimpokonya mkwe kinywaji mdomoni, mbele ya watu, siku ya mahari.

"Nzi," akasema. "Samahanini. Kuna nzi."

Akaondoka na glasi na chupa, na nyuma yake akasikia mama yake Davis akisema, "Mnaona mama huyu alivyo msafi?"

Jikoni alimwaga masalia kwenye sahani nyeupe. Punje zikatoka, moja, tatu, nyingi, zikakimbiliana, zikameza nyingine. Ile takataka nyeusi ilikuwa imelainishwa na divai, ikaachia kila ilichokuwa imekificha. Justa, aliyekuwa akifuta vyombo, akasogea kutazama. Gelasius akaingia nyuma yake, akafunga mlango.

"Amekunywa nani?" Justa akauliza.

"Baba mkwe wako."

Gelasius akaitazama sahani. Alikuwa mtu mwema, mwenyekiti wa jumuiya yao kanisani, na aliongea taratibu kama alivyofanya kwenye vikao.

"Mama Justa, maji yakimwagika hayazoleki. Umemwaga hii, basi. Rudi ukae."

"Amekwishakunywa, Baba Justa," Febronia akasema.

"Kidogo tu. Punje moja, labda mbili. Yule mzee ameivuta ile miaka yote, hiki kitamwongezea nini? Na tuseme imemwongezea, nani atajua? Ukisema leo, kesho Masumbwe nzima itajua ulikookota chupa za kuwanyweshea wakwe. Ng'ombe watarudi Ushirombo. Na huyu je?" Akamwonyesha Justa kwa kidevu. "Nani atakuja tena kumposa kwenye nyumba hii?"

Febronia alimsikiliza mumewe, na kilichomtisha ni kwamba sauti ile aliifahamu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya sokoni. Kidogo tu, punguza, huyu ameharibika tayari, ana thamani gani? Kwa umri wote wa ndoa yao alikuwa ameitumia kwa nyanya na dagaa, mumewe akiisikia na kuisifu. Sasa Gelasius alikuwa akimvutia bei mtu mzima, na alimshusha vizuri sana. Wala si yeye aliyeanza. Ni nani aliyekataa kuionja ile chupa akampa mwenzake?

Kinyaa kilimshika kuliko siku yoyote, na safari hii hapakuwa na pa kutema. Kilikuwa mikononi mwake, kilikuwa mdomoni mwake. Akatapika kwenye ndoo ya maji machafu, Justa akimshika mgongo.

Aliponyanyuka, aliichukua sahani.

"Febronia," mumewe akasema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Justa azaliwe.

Akapita.

*

Sebuleni, mbele ya wakwe, alisema akiwa amesimama, maana alihisi hakustahili tena kupiga magoti kama mama wa heshima. Alisema hapakuwa na nzi. Alisema chupa ilitoka makarasha, kwamba aliipata bure kama nyongeza, kwamba aliona uchafu chini yake na akamimina hivyo hivyo.

"Na hukuonja," mama yake Davis akasema polepole.

"Sikuonja."

Theonest akajaribu kucheka. "Jamani, zebaki! Mimi nimeishika kwa mikono hii tangu ujana, na niko hapa. Tusiharibu siku kwa..."

"Nyamaza, Theonest," mama yake Davis akasema. Alikuwa amesimama na mkoba wake amekwishauvaa. Uso wake ulikuwa uso ule ule ambao Febronia alimtazamia muuza duka wa Nyahanga. "Tunampeleka hospitali. Sasa hivi. Mengine Mungu anajua."

Hapo ndipo Mzee Cornel alipozungumza. Kutwa nzima hakuwa ametamka neno, kiasi kwamba Febronia alidhani ulimi nao umekwisha. Maneno yalimtoka yamekatikakatika, na ilibidi watu wainame kumsikia.

"Leta," akasema.

Alinyoosha kiganja. Hakuna aliyejua la kufanya, na kwa kuwa hakuna aliyejua, Febronia alitii. Akaiinamisha sahani, punje moja ikateleza kiganjani mwa mzee. Mkono ukaitikisa. Ikapasuka, ikawa mbili, ikaungana, ikapasuka tena. Mzee aliitazama bila hasira, kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa zamani.

"Hii," akasema, "ndiyo iliyonunua ng'ombe mnaowasubiri."

Gelasius, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama sakafu. Nje, Davis na wenzake walikuwa wakicheka jambo lao.

Mkono wa mzee ulikuwa ukizidi kutetemeka, na zebaki ilikuwa karibu kumwagika kwenye shati lililojaa wali. Mate yalikuwa yamemtiririka tena. Febronia akaweka sahani chini, akapiga magoti, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa moto na umelowana. Akaugeuza taratibu juu ya sahani mpaka punje zote zikaanguka, kisha akachukua upindo wa kitenge chake kipya, akamfuta kiganja, akamfuta na kidevu. Mama yake Davis alimwangalia akifanya hivyo; hakumsaidia na hakumzuia.

"Mshenga," Gelasius akasema kwa sauti ndogo, "na lile jambo letu?"

Febronia hakumtazama hata mmoja wao. Aligeuka kumtafuta Justa, aliyekuwa amesimama katikati ya jikoni na sebule, kitambaa cha kufutia vyombo bado mkononi. Ikamjia kwamba tangu asubuhi watu wote mle ndani walikuwa wamemsema binti huyu, wamempandisha na kumshusha, na hakuna aliyemwuliza kitu zaidi ya glasi ziko wapi.

"Unawataka?" akamwuliza. "Hao ng'ombe. Na watu hawa. Unawataka?"

Justa alitundika kitambaa begani, akapita kati ya baba yake na mshenga, akamshika mzee mkono wa pili, na yeye na mama yake wakaanza kumwinua kitini, kumpeleka kwenye gari.