Kadi Kwenye Msumari

Nilikuwa nafuta mvuke kwenye kioo cha dirisha la tiketi gari la kukodi liliposimama getini. Hatukuwa tumefungua. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika punde tu, na watu wa magari ya kukodi hawaji mapema hivyo. Huja jua likishapanda, na kofia zao na chupa zao za maji. Huyu alishuka peke yake. Alikuwa mwanamke mzee, nywele za mvi zimekatwa fupi, mkongojo mkono mmoja, pochi mkono mwingine. Alisimama akavuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu anayenusa chungu kabla hakijafunuliwa.

"Bado panasikika harufu ya kiberiti," akasema, akacheka peke yake.

Shangazi yangu alikuwa ng'ambo ya geti, anapanga mayai kwenye vikapu vyake vya waya. Akainua kichwa. Wageni wengi wakishuka hapa huziba pua.

Chemchemi yetu ni ya maji ya moto. Ina mabwawa matatu yaliyojengewa mawe, watu huja kuoga na kuloweka viungo, na wenye njaa hununua mayai kwa shangazi wakayachemsha palepale. Tiketi ziko za aina mbili: ya kijani kwa mwenyeji, ya njano kwa mgeni. Ya njano ina bei mara nyingi ya ile ya kijani. Wapo wageni wanaolalamika, na nikiwa chuoni hata mimi niliwahi kubishana na wenzangu kwamba huo si uungwana. Lakini sitaisema vibaya tiketi ya njano. Ndiyo iliyojenga zahanati walikozaliwa wadogo zangu, ndiyo iliyoezeka shule niliyosoma, na ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mfuko unaojazwa nayo. Chakula kilitoka kwenye mayai ya shangazi. Kwa hiyo nusu ya elimu yangu imelipwa na watu nisiowajua, waliokuja siku moja kuloweka miguu wakaenda zao. Kila ninapomkatia mgeni ya njano huwa namshukuru kimoyomoyo.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuingia."

"Naomba kitambulisho."

Akasogeza pasi chini ya kioo. Ilikuwa pasi ya nchi ya mbali. Nikavuta kitabu cha njano.

"Siyo hiyo," akasema. "Nipe ya kijani."

"Mama, kwa pasi hii utaratibu ni ya njano."

"Bei ya njano nitalipa. Hata mara mbili ukitaka. Lakini nikatie ya kijani."

Watu wamewahi kunililia bei, wengine wamenitukana kwa ajili ya bei. Hakuna aliyewahi kunililia rangi.

Akaegemeza mkongojo ukutani. "Mimi utotoni nilikuwa sitembei," akasema. "Mama yangu alinibeba mgongoni kuja hapa, masika na kiangazi, wakati huo hapana geti wala dirisha. Siku moja nikatoka majini kwa miguu yangu. Madaktari wana maelezo yao. Mama alikuwa na yake. Baadaye alipata kazi nchi za watu, tukaenda, maisha yakatufunga hukohuko. Kabla hajakata kauli aliniambia, 'Ukifika kule, kanishukurie yale maji. Na usiingie kama mgeni.' Nikamwahidi. Ndege yangu ni kesho. Leo ndiyo leo."

Wakati huo msimamizi wetu alifika na pikipiki, akiwa njiani kwenda ofisi ya mjini. Sisi humwita Bwana Kanuni, na yeye anajua. Nikamweleza. Akaikagua pasi mbele na nyuma.

"Kanuni ni kwamba pasi ya nje ni tiketi ya njano," akasema, kwa upole kiasi. "Mkaguzi akija ataangalia pasi, mama yangu. Haangalii machozi." Kisha akajikuna shingo. "Labda atundikiwe."

Kutundikia ni jambo la getini kwetu. Pembeni ya dirisha kuna ubao wenye misumari. Lilianza kwa ajili ya bibi zetu, ambao husahau vitambulisho nyumbani kila wakija kuoga. Mtu wa hapa anayekujua anatundika kadi yake ya kitambulisho kwenye msumari, nawe unakatiwa ya kijani. Kadi inakaa pale mpaka utoke, na unaishusha wewe kwa mkono wako. Kadi moja, mtu mmoja. Ikishushwa kabla hujatoka, udhamini umekufa. Kwenye kishina, kile kipande cha tiketi kinachobaki kitabuni, kijani chako kinafutwa, unaandikwa mgeni.

"Haya, nani anamjua?" akauliza Bwana Kanuni.

Mama yule akatazama chini. "Walionijua wote wako makaburini," akasema. "Labda abaki Mkorofi. Eti, bado anauma?"

Yai lilimponyoka shangazi.

Kwenye kibao limeandikwa Bwawa la Tatu. Mkorofi ni jina la watu wa hapa tu, kwa sababu bwawa hilo hupanda moto bila taarifa na hupoa likipenda lenyewe, na anayelitaka hukaa pembeni akisubiri hasira zipungue. Hakuna kitabu cha watalii kilicholitaja hivyo.

"Anauma kama zamani, dada!" shangazi akasema, huku anavuka geti na mikono imejaa ute wa yai. "Hebu niambie, wewe ukimwendea unaanzaje?"

"Kwa kisigino. Ukianza na vidole anakuonea."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Kanuni, huyu ni wetu! Ni wetu hata pasi yake ingeandikwa kwa dhahabu."

"Basi mtundikie."

Hapo kukawa na kazi. Kadi ya shangazi ilikuwa imepelekwa kubadilishwa. Mvuke wa mayai ulikuwa umeifuta picha mpaka akawa anafanana na mtu yeyote. Msimamizi haruhusiwi kutundika. Nikabaki mimi.

Niliitoa kadi yangu. Bwana Kanuni akanitazama.

"Msomi, una hakika? Kesho afisa wa ajira anakuja."

Nilijua vizuri kuliko yeye. Tangu nimalize chuo nilikuwa kibarua hapo dirishani. Sasa ofisi kuu ilikuwa imetoa nafasi moja ya kudumu, mimi nikiwa wa kwanza kwenye foleni. Kilichobaki ni kutia saini mbele ya afisa huyo nikiwa na kadi yangu halisi. Nakala kivuli haikubaliki. Shangazi alikuwa ameshaanza kuniita mtumishi mbele ya wateja.

"Kesho ni kesho," nikasema, nikaitundika.

Mama yule akaitazama kadi, kisha akanitazama mimi. "Huyo Mkorofi akiwa na hasira nitachelewa, mwanangu."

"Chelewa, mama. Kadi hii haishuki mpaka utoke. Asikuharakishe mtu."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Akatoa fedha za bei ya njano. Bwana Kanuni akamrudishia chenji. "Tiketi ya kijani, bei ya kijani. Kanuni," akasema, akapiga pikipiki yake teke akaondoka. Mama akaipokea ile tiketi kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kifaranga, akashuka ngazi taratibu.

Mchana simu iliita.

"Msomi!" Ilikuwa sauti ya Bwana Kanuni, ya chini na ya haraka. "Afisa kaja leo badala ya kesho. Anafunga faili jioni kazi ikiisha, harudi tena. Wa pili kwenye foleni ameshafika, kadi anayo mkononi. Panda pikipiki yoyote, njoo huku mjini."

Niliutazama ubao. Siku hiyo msumari mmoja tu ulikuwa na kitu.

Shangazi alikuwa amesikia. "Shuka ukamwombe atoke," akasema. "Ni mtu mzima, ataelewa. Shika, mpelekee na yai, usiende mikono mitupu."

Nikashuka nikirudia maneno ya kumwambia. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe pembeni ya Mkorofi, viatu amevivua amevipanga ubavuni, maji mbele yake yanatokota na kutema mvuke. Tangu asubuhi hakuwa amegusa hata tone.

"Leo amekasirika kweli," nikasema.

"Ana haki. Miaka yote hiyo bila hata salamu." Akatabasamu. "Namsubiri tu. Mama naye alikuwa ananiambia, tumsubiri, hana ubaya." Kisha akanitazama sawasawa. "Mbona uso umekunjamana hivyo? Kuna shida huko juu?"

Nikaona kwamba nikisema, angenyanyuka. Angevaa viatu, angesema hakuna neno mwanangu, angeondoka na miguu mikavu mpaka kwenye ndege yake.

"Hakuna, mama. Nimekuletea yai."

Niliporudi juu shangazi alinisoma kabla sijafungua mdomo. Akaingia chumba cha tiketi, jambo asilolifanya, akafunga mlango.

"Sikiliza," akanong'ona. "Futa ile ya kijani kwenye kishina, kata ya njano. Tofauti ya bei naiweka mimi, pesa ya mayai ipo. Chukua kadi yako ukimbie. Tiketi yake ya kijani anayo mkononi, hatajua kamwe."

Nilikifungua kitabu cha njano. Sitajifanya shujaa, kalamu nilishaishika. Nilikuwa nafikiria paa la shangazi linalovuja juu ya kitanda chake, na mikono yake iliyochubuliwa na maji ya moto, na jinsi nilivyokuwa nimepanga kumwambia apumzike.

"Shangazi, nikiandika hapa, atakuwa ameingia kama mgeni."

"Kwenye karatasi tu."

"Pesa alikuwa nazo. Alichofuata ni hicho tu, aandikwe mwenyeji kwenye karatasi. Nami nimemwambia haishuki."

Shangazi akanitazama muda mrefu. Nikangoja ukali wake. Badala yake akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nimelea mtoto kwa mayai," akasema, "naye amekuwa mgumu kama yai lililosahauliwa majini." Kisha akatoka kwenda kuhudumia wateja.

Nikampigia Bwana Kanuni. "Kadi iko msumarini, bwana."

"Mtu hajatoka?"

"Hajatoka."

"Kanuni..." akaanza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiliacha neno hilo njiani. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alimchelewesha yule afisa kwa chai, kikombe baada ya kikombe, mpaka afisa akamuuliza kama ana tatizo nyumbani.

Jua lilianza kuinama. Mvuke juu ya bwawa la tatu ukapungua, ukawa mwembamba kama moshi wa jiko linalozimika. Halafu nikasikia sauti ya kike ikipiga yowe, yowe la mtu aliyeumwa kidogo na kufurahi sana, ikifuatiwa na kicheko. Shangazi aliweka kikapu chini, akasikiliza.

"Kaanza na vidole huyo," akasema. "Kasahau."

Ujumbe wa Bwana Kanuni uliingia muda huohuo. *Imekwisha. Wa pili kasaini. Kibarua chako kipo mpaka mwisho wa mwezi, mbele ya hapo tutaona. Nimejaribu.*

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia rafu ya vitabu vya tiketi. Sikuwa nalia kwa majuto. Nilihuzunika, na ndani ya huzuni hiyo kulikuwa na shukrani ambayo hata sasa sijui kuipanga vizuri. Maisha yangu yote watu nisiowajua walikuwa wamenilipia bila kujua. Sikuwahi kupata mahali pa kulipa hata kidogo, na leo mmoja wao alikuwa ameniletea nafasi hiyo mwenyewe, getini, kabla hata sijafungua dirisha.

Tulikuwa tunafunga alipopanda ngazi. Alikuwa peku, viatu mkononi, mkongojo ameubana kwapani kama mwavuli siku ya jua. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye magoti.

"Nilidhani mtakuja kunifukuza," akasema.

"Nilikwambia haishuki mpaka utoke."

"Ulisema." Akanitazama usoni. "Sijakuchelewesha popote, mwanangu?"

Nyuma yake nilimwona shangazi akiinama ghafla kupanga vikapu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hapana, mama."

Akanyoosha mkono mpaka kwenye ubao, akaishusha kadi yangu msumarini. Mvuke wa mchana ulikuwa umeilowesha. Akaifuta kwa upindo wa shali yake, pole pole, mbele na nyuma, akaanzia kwenye picha, akaniwekea kiganjani.

"Nimetoka," akasema, kama wanavyosema wa kwetu.

"Umetoka salama, mama."