Kaseti ya Radi

Mwaka ule biashara zilipofunguliwa na kila kijana wa Mwanza akavaa jinzi ya mitumba, kampuni moja ya soda ilileta bendi ya roki iitwayo Radi, ikapiga bure juu ya lori, ufukweni. Magitaa yalilia hata sangara wakatoa vichwa majini. Asiyeamini akawaulize sangara. Venant, fundi cherehani wa Mabatini, alisimama mbele na redio kaseti kichwani, akarekodi yote, magitaa na mayowe. Mwezi haukuisha, Radi wakagombana, bendi ikafa. Ikabaki kaseti ya Venant. Akaivunja vijino vya mgongoni isije ikafutika, na kila aliyeomba nakala alijibiwa, "Subiri wafufuke."

Miaka ikapita. Sasa Jumamosi moja akafungua kabati, kaseti haipo.

"Tereza! Kaseti yangu?"

"Dada Wilhelmina kaichukua," mkewe akajibu, anachambua mchele. "Kwaya inarekodi."

"Inarekodi juu ya nini?"

Hakungoja jibu. Alipanda mawe kuelekea kanisani kama mbuzi aliyeona majani, futikamba ikimpiga shingoni. Akakuta kwaya inakunywa maji, imemaliza. Wilhelmina alikuwa ameziba vitundu vya vile vijino kwa karatasi aliyoitafuna, kaseti ikubali kurekodi tena, kama wafanyavyo wote wasio na kaseti mpya.

Venant akarudisha nyuma, akasikiliza. Soprano. Akageuza upande wa pili. Soprano, tena na kigelegele.

"Shemeji, umeniua."

"Nimekuua na nini? Si zipo tele kwa Liaqat? Mimi mwenyewe ninayo, naiwasha nikipika."

Kwa Liaqat! Venant hakuaga. Aliteremka mpaka mjini, kwenye duka la kutengeneza redio na kunakili kaseti. Liaqat alipomwona akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Unayo Radi?"

"Venant bwana, kaa kwanza."

"Sikai!"

"Ile siku umeleta redio nisafishe, kaseti ukasahau ndani. Nikaijaribu tu, kama redio inalia vizuri."

"Ukaijaribu kwa mashine mbili?"

"Mkono ulibonyeza wenyewe."

"Umempa nani?"

"Watu wachache. Kinyozi. Madereva wa Igoma. Padri."

"Padri!"

Venant akazunguka duka, akatoka nje, akarudi. Mikono haikujua imkabe mtu huyu au imkumbatie. Kumbe miaka yote alikuwa akiringia kitu ambacho Igoma nzima inakichezea!

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Basi yaishe, ndugu yangu. Iliyobaki dukani ni hii moja. Naifuta sasa hivi, unaona." Kidole cha Liaqat kikasogelea kitufe chekundu.

Venant aliruka kaunta, akaangusha spika, akamdaka kifundo cha mkono.

"Thubutu! Piga kwanza. Wizi tutauzungumza ikiisha."