Bata wa Mzee Mihayo

Odeta alirudi nyumbani Igogo amenuna, mikono mitupu. Alikuwa amezunguka maduka makubwa ya mjini akitafuta chapati za Kichina, zile nyembamba za kulia bata, pamoja na sosi yake. Kila alikoingia walimwambia aagize Dar es Salaam. Na wageni wa posa walikuwa wanakuja kesho yake.

"Shangazi, nimekwisha," akaniambia.

"Umekwisha kwa chapati? Ndani ya nyumba hii?"

Mimi Modesta nauza sambusa sokoni Mirongo tangu Odeta hajazaliwa. Mama yake alipofariki nilihamia hapa kwa kaka yangu Masele, baba yake, tukamlea pamoja. Yako mambo mengi duniani nisiyoyajua, lakini unga haumo.

Habari ya bata ilitokana na mchumba wake, Venant, aliyelelewa na babu yake, Mzee Mihayo wa Usagara. Ujanani mzee huyo alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya Tazara, na siku moja Wachina wakamkaribisha kula bata mwenye ngozi kavu, anayekunjwa ndani ya chapati nyembamba. Mpaka leo hajachoka kumsimulia bata huyo. Jambo jingine asilochoka kulisema ni kwamba wasichana wa mjini hawajui kutunza mtu, na kwamba yeye asiporidhika, posa hakuna. Venant hawezi kumpinga babu yake. Odeta akaamua mwenyewe kwamba atampikia bata yuleyule. Nilimpenda sana kwa ujasiri ule.

"Lete unga," nikamwambia.

Nilimwonyesha kitu alichokiona maisha yake yote. Unachukua madonge mawili, unayabandika kwa mafuta katikati, unayasukuma kwa pamoja mpaka yawe membamba, unayapitisha kwenye chuma cha moto, halafu unayabandua. Kwenye sambusa tunaziita manda. Za bata unazifunika tu kwa kitambaa zibaki laini. Odeta alibandua ya kwanza, akainyanyua dirishani, akaona kivuli cha kidole chake upande wa pili, akacheka kwa sauti.

Sosi tuliitafuta kwa ulimi. Sosi ya soya ya dukani, ukwaju kidogo, kijiko cha siagi ya karanga, kitunguu saumu, pilipili kwa mbali. Odeta akaongeza asali bila kuniuliza. Nikaonja, nikachovya tena, maana alikuwa amepatia. Bata tulimpaka siki na asali, tukamtundika bafuni mbele ya feni ngozi ikauke. Asubuhi Masele alikwenda kuoga, tukasikia ukelele. Baadaye tukamwoka kwenye sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, mpaka nyumba nzima ikanukia.

Mzee Mihayo alifika na Venant mchana. Odeta akapiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Tukawanawisha, tukaandaa: nyama iliyochambuliwa pamoja na ngozi yake, matango, majani ya vitunguu, sosi kwenye bakuli, chapati kwenye hotipoti. Mzee alitoa chapati moja, akainusa.

"Ndizo hizi," akasema, na mimi nikajiona mshindi.

Kisha akaanza kuigeuzageuza nyama kwa kidole, upande huu, upande ule. Akairudisha chapati.

"Firigisi iko wapi?"

Kwetu kuku au bata akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni ya mgeni. Asipoiona, ni kama ameambiwa haheshimiwi, na anaacha kula. Na mgeni wa posa asipokula, maneno hayaanzi. Venant akaangalia sakafu. Kaka yangu Masele alikuwa anaangalia dari, na hapo nikajua iliko. Nilikuwa tayari na uongo mzuri kuhusu paka wa jirani, lakini Odeta akaniwahi.

"Ameila baba," akasema.

"Baba yako?"

"Ndiyo, babu. Nimempa mwenyewe jikoni. Siku zote tukichinja ni yake, nikampa kwa mazoea. Nisamehe."

"Na mimi je?"

Odeta hakuinamisha uso.

"Hapa ni ya baba. Nikija kwenu, babu, itakuwa yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msichana wa posa anamjibu mzee hivyo! Lakini Odeta alikuwa ameshachukua chapati. Akaipaka sosi, akapanga nyama, ngozi, tango na majani ya kitunguu, akaikunja vizuri, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili. Mzee aliiacha mikono ile ingoje. Nilimwonea huruma mtoto wangu, lakini yeye hakuishusha.

Mwishowe mzee akaipokea, akauma. Tuliisikia ngozi ikivunjika mdomoni mwake. Alitafuna polepole amefumba macho, akamaliza yote, akalamba vidole.

"Masele," akaita.

"Naam, mzee."

"Hiyo uliyokula leo ndiyo ya mwisho. Zinazokuja zote ni zangu."

Venant alipiga makofi kabla hajakumbuka adabu. Kaka yangu alicheka pamoja nasi, halafu akageukia dirishani, akafuta macho kwa kiganja.