Kilo Kumi na Moja za Gwamaka

"Shuka," nilimwambia. "Panda tena, polepole."

Gwamaka alishuka kwenye mizani ya kakao, akapanda tena akiwa na bukta tu. Mshale uliyumba ukatulia palepale: kilo mia moja na kumi na sita. Nilimshusha, nikaweka jiwe la kilo ishirini kuikagua mizani. Ishirini kamili. Basi kosa halikuwa la mizani. Mwanangu alikuwa ameongezeka kilo kumi na moja kwa wiki nne.

Lazaro, mpakiaji wetu wa ghalani, alikuwa ameegemea magunia. "Mzee Anyosisye, huyo mkweo anamnenepesha kama nguruwe wa Krismasi."

"Nguruwe hapigani ngumi," Gwamaka akasema.

"Ndicho hicho ninachosema."

Pambano la kwanza tulishindwa kwa pointi. Aliko wa Tukuyu, aliyemzidi mwanangu kilo tisa, alimlalia kwenye kamba raundi nane mpaka mikono ikamchoka. Marudiano yalipangwa Mbeya, wiki tatu kutoka siku hiyo. Mimi ndiye niliyesema aongeze uzito: kilo sita, ziingie taratibu, asisukumwe tena. Ngumi sikufundishwa na mtu; nilitazama, nikaandika. Kwa hiyo nilikuwa nahesabu pia makonde yake kwenye begi la mazoezi. Wiki ya kwanza, raundi ya tatu, alipiga mia na ishirini. Siku hiyo alipiga sabini na nne, akakaa chini akihema.

Nilibonyeza ugoko wake kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, kishimo kilibaki. Nilihesabu hadi kumi na bado kilikuwapo.

"Hii si misuli."

"Ni joto, Tata."

"Nyumbani unakula nini?"

"Anachopika Asifiwe." Alijibu akiutazama mlango.

Asifiwe, mke wake, ni mzaliwa wa Tukuyu, na nyumba ya kaka yake imepakana na ya Aliko. Jambo hilo sikuwahi kulipa uzito. Siku hiyo nililifikiria njia nzima, nikiwa nyuma ya bodaboda kwenda Talatala, nyumbani kwa Gwamaka. Mtu anayetaka bondia ashindwe hana haja ya kumvunja mkono. Anaweza kumpakulia tu.

Lakini ningemuulizaje? Kwa mila yetu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Wengi siku hizi wameacha. Mimi na Asifiwe hatujaacha. Akisikia kikohozi changu njiani hupisha, nami hugeuza uso. Kwa miaka mitatu hajawahi kunielekezea neno hata moja.

Nilisimama nyuma ya jiko lake, nikakohoa, nikaupa ukuta mgongo. Mchi ukanyamaza. Mbele yangu palikuwa na kuku akiparua.

"Wewe kuku," nikasema, "hivi katika nyumba hii bondia analishwa nini hata anavimba?"

Kisha sauti ya Asifiwe, ndogo lakini kavu: "Wewe kinu, mwambie huyo kuku kwamba hapa unapikwa wali na ndizi, sahani moja, na nusu inarudi jikoni. Halafu muulize, vile vidonge anavyopewa ghalani ni vya nini?"

"Vidonge gani?" Nilimsahau kuku.

"Kinu, kumbe kuku hajui!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwezi mzima nalala na hofu nikidhani baba mtu anamuua mwanawe kwa sababu ya mkanda wa ubingwa."

Alisema ataviacha juu ya jiwe. Nilisubiri mpaka mlango wa jiko ulipofungwa, ndipo nikageuka. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa, ndani vidonge vidogo vyeupe, saba, bila jina.

Gwamaka aliporudi nilimwonyesha vidonge kiganjani. Aliinama.

"Nilinunua sokoni Kyela. Kwa yule mama anayewauzia mabibi harusi."

"Mabibi harusi?"

"Wanaotaka kunenepa kabla ya siku yao." Alifuta uso. "Tata, kila Jumamosi uliuliza kilo. Hukuniuliza kama napumua."

"Na makonde niliyahesabu kwa ajili ya nani?"

Nilimsogezea kiganja karibu.

"Unameza vingapi?"

"Kimoja kwa siku."

"Kinu," sauti ikatoka ndani, "vitatu! Nimehesabu."

Gwamaka akageukia ukuta wa jiko. "We mwanamke, unaongea na Tata?"

"Naongea na kinu."

Sikujua nimwamini nani. Aliyesema kimoja ndiye aliyesema joto. Aliyesema vitatu nilikuwa nimemshuku tangu mchana, naye akinishuku mimi. Wala sikujua kama kuviacha ghafla ni dawa au ni hatari nyingine. Nilichojua ni kwamba daktari atauliza vingapi na tangu lini, na makadirio hayatamsaidia.

"Kesho mazoezi hakuna," nikamwambia. "Kesho hospitali. Daktari akisema hupigani, mimi mwenyewe nitampigia simu mwandaaji wa pambano."

"Aliko atasema nimeogopa."

"Aseme."

Nilikaa kwenye kigogo, mgongo kwa jiko, nikafungua daftari. Asifiwe alianza kukiambia kinu, siku baada ya siku, alichokiona: asubuhi kimoja kabla ya uji, mchana kimoja, jioni kimoja akidhani mkewe yuko kisimani. Niliandika tarehe, nikaandika idadi. Gwamaka alisikiliza. Mara mbili alipinga. Mara ya tatu akanyamaza, nami nikaweka alama hapo.

Tulifika wiki ya pili.

"Jumatano viwili," Asifiwe akasema. "Hapana, ngoja kinu. Viwili ilikuwa Alhamisi. Jumatano niliamkia Busale msibani, sikuona."

"Kuku anasema afadhali kusema hukuona," nikamjibu.

"Ndaga, kuku," akashukuru.

Jumatano niliiacha wazi. Mwanga ulikuwa haunitoshi tena kuona mistari, na wiki mbili nzima zilikuwa bado. Nikamwambia kuku tutaendelea alfajiri, kabla bodaboda za kwenda hospitali hazijaja.