Sukari Isiyopita Mdomoni

Watu walimwita Mzee Hamira kwa sababu alioka mikate tangu ujanani mpaka magoti yalipomgomea. Alipomwachia mkwewe tanuri, jina halikumtoka, na mwili wake haukupata habari kwamba umestaafu. Nje kukiwa bado giza, yeye macho kodo. Zamani saa hiyo angekuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Sasa alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, anawasha taa ndogo, anajitoboa kidole na kusubiri mashine imwambie hali yake.

Kisukari kilimjia uzeeni. Daktari alimpa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni pamoja na chakula, akampa masharti, na Mzee Hamira akayashika kama mtoto wa shule anayeogopa viboko. Chai bila sukari. Mkate kipande kimoja, tena ule mweusi ambao alikuwa akiwacheka wateja walioununua. Akila chakula cha jioni alikuwa anapima kabla ya kulala, mashine inasema saba na kitu, anafurahi, anazima taa. Asubuhi anapima tena: kumi. Kesho yake kumi na moja. Siku nyingine tisa na nusu, halafu kumi tena.

"Saba imelala, kumi imeamka," mkewe alimwambia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, fundi cherehani, aliyezoea kupima kitu mara mbili kabla ya kukikata. "Hizo nyingine zimetoka wapi, baba watoto? Zimedondoka kutoka darini?"

"Sijui."

"Mimi najua."

Alichojua yeye ni kwamba kila jioni mkwe wao alileta mikate iliyobaki dukani, na ndani yake hazikukosekana skonzi zilizopakwa sukari juu, zile zinazong'aa. Zilikaa kabatini jikoni zikisubiri majirani. Na Mzee Hamira aliwahi kuapa kwa mbingu na ardhi kwamba ameacha sigara, kumbe alikuwa na pakiti nyuma ya magunia ya unga. Mwanamke hasahau kitu kama hicho. Sasa alianza kunusa mto wa mumewe. Alipekua mifuko ya shati lake la kulalia akitafuta chembe.

"Mama watoto, unanipekua kama mwizi."

"Mwizi ningemwita polisi. Wewe ni mume wangu, nitakupeleka wapi?"

Mwanzoni Mzee Hamira alilichukulia kama utani. Baadaye likamuuma. Ili athibitishe kwamba hali kitu kwa siri, akaacha kula kifungua kinywa. Akiona namba iko juu alisukuma sahani pembeni, na kwa kuwa kidonge cha asubuhi kilitakiwa kwenda na chakula, nacho kikawa kinangoja mpaka karibu na mchana. Alidhani njaa ingeishusha ile namba. Akipima katikati ya asubuhi, tumbo likinguruma, inakuwa imepanda zaidi.

Hapo akaanza kuogopa. Alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kupiga soga na kila anayepita, lakini wiki ile alikaa sebuleni na kukitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Binti yao alipopiga simu kumsalimia, alimjibu, "Mimi mzima, mwanangu, ila damu yangu inanisingizia."

Binti akaomba apewe mama yake. "Mama, usimwonee baba."

"Simwonei. Namlinda."

Na kweli alimlinda. Jioni ile aliburuta godoro jembamba, lile la wageni, akalitandika mlangoni mwa jiko, kichwa kwenye kizingiti na miguu ukutani, ili yeyote atakayetaka kabati ampite tumboni. Mzee Hamira alimtazama akipiga mto wake ngumi kuulainisha. Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Mgongo wako utakuuma."

"Mgongo wangu ni wangu. Pima kwanza mbele yangu."

Akapima. Saba na nukta mbili. Wakatakiana usiku mwema kama watu wawili walioahidiana kukutana mahakamani.

Mama yule hakulala kwa maana ya kulala. Godoro lilikuwa kama ubao, na kila bati lilipolia juu ya paa aliinua kichwa. Hakupita mtu. Hakupita hata panya. Giza lilipoanza kupauka alisikia mumewe akijigeuza chumbani, akajinyanyua na mgongo wake, akaenda akasimama mlangoni.

"Usishuke kitandani," alisema. "Nionyeshe mikono."

Mikono ilikuwa safi. Hata hivyo aliifuta kwa kitambaa chenye maji, kidole kimoja kimoja, akaikausha. Kisha akaichukua mashine mwenyewe, akatoboa, akakamua tone. Vichwa vyao viligusana juu ya kile kioo kidogo.

Tisa na nukta nane.

Alitazama mdomo wa mumewe, akatazama mlango, akatazama njia yote kutoka pale mpaka kwenye godoro lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kufuli, na kufuli halikufunguliwa.

"Mashine mbovu," alisema hatimaye, lakini sauti yake ilikuwa imepungua urefu. Akatoa kibanzi kipya cha kupimia, akabadilisha sindano, akajitoboa mwenyewe. Tano na nukta moja.

"Mashine haina kosa," alisema Mzee Hamira.

"Basi kaoge. Labda ni uvivu wa usingizi. Oga, vaa, rudi hapa. Na mlango wa bafu usifunge."

Akaoga mlango wazi, mkewe amesimama koridoni na taulo kama mlinzi wa benki. Akavaa suruali, akafunga vifungo vya shati, akafunga kamba za viatu kwa taabu ya magoti. Wakapima tena.

Kumi na moja na nukta tatu.

"Umekula sabuni?" aliuliza mkewe kwa kunong'ona.

Walikuwa wamekaa bega kwa bega kitandani, nje kunapambazuka, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze hakuna aliyekuwa anamshtaki mwenzake. Kitu kilikuwa kimetokea mbele ya macho yao. Sukari ilikuwa imeingia ndani ya mtu huyu bila kupita mlangoni, bila kupita mdomoni, wakati wao wanatazama.

"Naogopa," alisema mwanamke.

"Hata mimi."

Asubuhi ile ile walikwenda kliniki. Walipokewa na muuguzi mnene aliyekuwa na miwani juu ya paji la uso na huku mwenyewe akiitafuta juu ya meza. Mama ndiye aliyesimulia, kuanzia skonzi mpaka godoro, na hakuacha kitu, hata cha kumwaibisha. Muuguzi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza maswali yake taratibu. Baba anaamka amelowa jasho? Anatetemeka usiku? Anaota ndoto mbaya? Hapana. Kidonge cha jioni anakimeza saa ngapi?

"Na chai ya alasiri," alisema Mzee Hamira. "Mimi nalala mapema, sista. Ni mazoea ya kazi. Nikaona nikimeze mapema."

"Na cha asubuhi?"

Akainamisha kichwa. "Siku hizi nakichelewesha. Namba ikiwa juu, sili."

Muuguzi akaipata miwani yake, akaivaa, akavuta kiti karibu. Alinyoosha mkono akagusa ubavu wa kulia wa mzee, chini kidogo ya mbavu.

"Hapa ndani kuna ini," alisema. "Mchana ukila, linaweka akiba ya sukari. Usiku hakuna anayekulisha, lakini ubongo wako hauzimiki, moyo haupumziki. Nani anawapa chakula? Ini. Linatoa kidogo kidogo usiku kucha. Sasa alfajiri, kabla hujafumbua macho, mwili unajua unakaribia kuamka. Homoni zinatangulia kuamka, zinaliambia ini: huyu anakaribia kusimama, mwongezee. Ini linafungua. Ukisimama, ukioga, ukitembea, linaweza kuongeza tena."

"Bila kula?" aliuliza mama.

"Bila kula chochote."

"Kwa wagonjwa tu?"

"Kwa watu wote, mama. Leo alfajiri, pale ulipokuwa mlangoni mwa jiko, ini lako lilifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba kwako insulini inatoka kwa wakati na kuiingiza ile sukari mwilini, kwa hiyo kipimo hakisogei. Kwa baba insulini haitoshi, na iliyopo mwili hauisikii vizuri. Sukari imeshatumwa, inakosa wa kuipokea, inabaki kwenye damu. Na akikataa kula, ini linadhani njaa inaendelea. Linazidi kutoa."

Chumba kilikuwa kidogo, chenye kalenda na ndoo ya taka yenye kifuniko cha kukanyaga. Mzee Hamira alikuwa amekiangalia kile kifuniko muda wote. Sasa aliinua uso.

"Sista, ngoja. Mimi nilikuwa naamka saa ambayo hata mbwa wamelala. Sili kitu. Nabeba magunia ya unga, nakanda, nawasha tanuri. Mkate wa kwanza ukitoka ndio nakula. Miaka yote ile nilikuwa nasema mimi nina nguvu kwa sababu ni mtu wa nguvu."

"Ndiyo yenyewe," alisema muuguzi. "Ini lako ndilo lililokuwa linakupikia."

Mzee aliuweka mkono wake pale ubavuni, mahali palipoguswa, akauacha hapo. Mkewe alimwona midomo ikimcheza. Hakuwahi kumwona akilia, hata siku waliyomzika mama yake; alikuwa mtu wa kumezea. Pale alilia kimya kimya, na hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna jamaa yake mmoja aliyemtumikia maisha yake yote nyuma ya nyumba, na hajawahi hata kumsalimia.

Daktari alitaka uhakika kwanza. Akaagiza wapime pia katikati ya usiku kwa siku chache, ajue kama sukari haishuki sana na kurudi kwa kishindo. Haikushuka. Basi akabadilisha kidonge cha jioni, akampa kinachoyeyuka polepole, akimeze na chakula cha jioni, asikitangulize tena na chai ya alasiri. Cha asubuhi akimeze na kifungua kinywa, na kifungua kinywa asikikimbie: yai, maharage kidogo, kile kipande cha mkate mweusi, halafu atembee. "Na usiongeze wala kupunguza dawa kwa kichwa chako," alisema. "Namba ikikutisha, njoo."

Siku ile ya kwanza, walipotoka kliniki, mkewe alisimama kwenye ngazi, akamshika mkono wa shati.

"Nimekusingizia, mume wangu. Nimekunusa kama kitoweo."

Mzee Hamira alifikiri kidogo. "Ile ya sigara ulikuwa sahihi."

"Ile nilikuwa sahihi."

"Basi tugawane."

Wakacheka mpaka mlinzi wa getini akawageukia.

Namba hazikushuka kwa usiku mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa tisa, tisa, kumi. Mzee alikula yai lake hivyo hivyo, akameza kidonge, akatembea mpaka kwenye duka la mkwewe na kurudi. Polepole zikaja nane, na asubuhi moja ikaja sita na nukta tisa. Mkewe aliitangaza dirishani kama matokeo ya mtihani. Siku nyingine ilirudi tisa bila sababu wanayoijua, na hapakuwa na kesi. Alimwambia tu, "Leo ini limeamka na juhudi," akaweka maji ya chai jikoni.

Likizo ilipofika, binti yao alimleta mwanawe wa kike, mwenye miaka mitatu hivi, alale kwa babu na bibi. Alilala katikati yao, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyesalimu amri. Alfajiri Mzee Hamira aliamka kama kawaida, lakini hakuwasha taa. Kulikuwa na mwangaza mdogo dirishani, wa kutosha kuona shavu. Mkewe naye alikuwa macho.

"Jana jioni alikula vijiko vingapi huyu?" alinong'ona mzee.

"Vitatu. Akasusa. Akasema anataka kulala."

"Na tangu hapo hajatia kitu mdomoni."

"Hajatia."

Wakamtazama. Kifua chake kilipanda na kushuka. Vidole vya mguu mmoja vilicheza ndani ya shuka, na kope zake zikatetemeka na ndoto waliyokuwa hawaioni. Shingo yake ilikuwa na joto la mkate uliotoka sasa hivi. Hakuna aliyemlisha usiku ule, na alikuwa amepumua usiku kucha, na mifupa yake, mama alifikiri, ilikuwa imerefuka kidogo kuliko jana. Alipitisha kiganja juu ya ubavu wa kulia wa mtoto, juu juu, bila kumgusa, akihofia kukatiza kazi ya watu.

"Na huyu pia," alisema.

"Na huyu pia. Na mama yake kule kwake. Na yule jirani mgomvi."

"Nyamaza, utamwamsha."

Lakini mtoto alikuwa ameshafumbua macho. Hakupiga miayo. Alikaa kitako, akamtazama babu, akamtazama bibi, akateleza mpaka sakafuni na kutoka mbio, miguu mitupu ikipiga sakafu koridoni, mpaka mlango wa uani ukasikika ukigonga ukuta. Kisha sauti yake ikaanza kuimba huko nje.

Wazee wawili walibaki kitandani, katikati yao pana shimo dogo lenye joto. Mzee aliuweka tena mkono wake ubavuni.

"Umeona?" alisema Mzee Hamira.

"Nimeona," alisema mkewe.